Kindamba Nilichokitunga Mwenyewe

Jamani, habari hii nilikuwa nimeapa kuzikwa nayo, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Mlabani wanaijua na nusu nyingine wanaijua vibaya (kuna mama mmoja sokoni anasimulia kwamba nilikamatwa na polisi, sikukamatwa), bora niieleze kwa mdomo wangu, mcheke, mkimaliza tuendelee na maisha. Mimi Avelina, fundi cherehani, mwanamke mzima wa miaka thelathini na moja, nilitunga lugha. Sisemi nilitunga wimbo wala ngonjera. Lugha. Nikaifundisha darasa zima, wakaiandika kwenye madaftari, wakaifanyia mtihani, na baadhi yao wakafeli.

Ilianza pale nilipojiunga na chuo kimoja cha wananchi hapa Ifakara (jina lake naliacha, hawana kosa lolote), ambako walileta kozi ya cheti cha lugha na ukalimani, mara tatu kwa wiki baada ya chakula cha mchana. Mimi ukalimani niliutamani kwa sababu moja tu: niliwahi kumwona mkalimani wa wageni fulani wa utafiti amekaa ndani ya gari lenye kiyoyozi, anapelekwa vijijini kuuliza watu maswali, wakati mimi niko barazani nakanyaga cherehani jasho linadondokea kwenye kitambaa cha mteja. Nikasema na mimi nina mdomo. Somo la kwanza likawa Utangulizi wa Isimu, na hakuna aliyejua isimu ni kitu gani. Kuna baba mmoja alisikia "msimu", akaja akitegemea kufundishwa kilimo cha mpunga, akakaa hadi kipindi kikaisha kwa heshima, hakurudi tena. Tukabaki kumi na wanne.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Koku, Mhaya kutoka Bukoba, umri wake kama wangu, mwembamba, anapenda lugha kama watu wengine wanavyopenda mpira. Ukitamka neno mbele yake anakuangalia mdomo badala ya macho. Wiki ya pili akasema isimu haisomwi hewani, tutachukua lugha moja ya hapa bondeni tuichambue, sauti zake, maneno yake, mpaka sentensi, kwa hiyo anahitaji mtu anayeijua vizuri, akae mbele awe anaulizwa. Kulwa, kijana wa Kisukuma, akanyoosha mkono na kutoa sentensi ndefu ya kwao, watu wakampigia makofi. Kaka Egno, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mtu mzima, mwanakwaya, akatoa na yeye ya kwao, makofi tena. Madam akasema zote nzuri, ila yeye tangu afike Ifakara anatafuta Kindamba, je, hakuna Mndamba humu? Akashusha kidole kwenye orodha ya majina, kikafika kwenye jina langu la ukoo, kikasimama. Darasa zima likageuka.

Sasa ngoja niwaambie ukweli ambao siku ile sikuusema. Marehemu baba yangu alikuwa Mndamba, ndiyo, lakini alikuwa dereva wa lori la mchele, hakai nyumbani, na mama ni Mhehe, kwa hiyo nyumbani kwetu tulikua na Kiswahili mwanzo mwisho. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Skola, anaishi Mngeta, na tukienda kumsalimia alikuwa anatusemesha Kiswahili kwa sababu alituona watoto wa mjini, asituchoshe. Kindamba nilichokuwa nacho mimi ni salamu, majina kumi hivi ya vitu vya mwilini na vya jikoni, namna ya kufukuza kuku, na tusi moja ambalo baba aliwatukania ng'ombe wakiwa wamelala barabarani.

Lakini watu wametoka mbali wana lugha zao nzima nzima, wamepigiwa makofi, halafu mimi mwenyeji nisimame niseme sina? Nikasema, "Ndiyo Madam, naongea. Nimelelewa na bibi." (Hakuna aliyeniuliza nimelelewa na nani. Hiyo ya bibi niliiongeza bure.)

Nikapewa kiti cha mbele, Madam akatoa orodha ya maneno mia moja, akaanza: kichwa. Nikataja. Mkono. Nikataja. Maji, moto, chungu, mambo yanakwenda, watu wanaandika, mimi nimekunja nne kama mheshimiwa. Neno la kumi na moja likawa goti. Jamani, goti. Nikatafuta kichwani, hakuna kitu, nikatazama dirishani, hakuna msaada, Madam ananiangalia mdomo, na mdomo wenyewe ukafunguka ukasema "lindorogo". Mpaka leo sijui lilitoka wapi. Madam akaandika ubaoni, akarudia taratibu, lin-do-ro-go, akasema sauti tamu sana. Nikajiambia jioni nitampigia bibi simu nipate la kweli nije nirekebishe. Hapo hapo akauliza kiwiko, na mimi kwa kutaka kuokoa muda nikawaza kiwiko si ni kigoti kidogo cha mkono, nikasema "kandorogo".

Madam aliacha chaki ikaanguka. Alitugeukia macho yanang'aa akasema mmeona, mmeona hiyo "ka", hicho ni kiambishi cha udogo, hata kwetu Kihaya kipo, lugha hizi ni ndugu. Akaniuliza wingi wake. Mimi nikaanza kusema "tuseme hivi Madam, kwa kweli mimi…", nilikuwa naelekea kukiri, naapa, lakini yeye akaidaka ile "tu" ya kwanza, akaandika "tundorogo", akapiga mstari chini mara mbili. Darasa likapiga makofi. Na makofi ni kitu kibaya sana, ndugu zangu, ukishayaonja.

Jioni sikumpigia bibi. Ningemwambia nini? Na ubaoni walishanakili.

Basi, ikawa ndiyo maisha yangu. Tatizo la kutunga maneno ni kwamba lazima uyakumbuke, maana Madam alikuwa na tabia ya kurudi nyuma, leo anakuuliza kipepeo, wiki ijayo anakuuliza kipepeo tena ndani ya sentensi, vipepeo wale wanaruka, kipepeo huyu haruki. Nikanunua daftari la peke yake nikalificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, nikawa naandika kila uongo na wingi wake, umoja wake, udogo wake, na upatanisho wake. Wateja wakidhani naandika vipimo vyao, kumbe naandika "wao hawajapepeta" kwa lugha isiyokuwepo duniani. Ili nisijichanganye ilibidi niyaelewe yale masomo ya Madam kuliko mtu yeyote pale, ngeli, viambishi, mzizi wa neno, sauti za puani, vyote, na nikawa wa kwanza darasani kwa tofauti kubwa. Kulwa akafeli swali la wingi. Akaja dukani kwangu na kilo za mchele akaomba tuisheni, na mimi (hapa naomba mnisamehe) nikampa. Nikamkaripia kabisa, nikamwambia hana juhudi.

Aliyenitia wasiwasi ni Kaka Egno. Yeye alikuwa anaandika, anakunja uso, anafuta, anaandika tena. Siku moja akanifuata nje akaniambia kwa upole kwamba lugha yao na yetu hazijaachana sana, maneno mengi akisikia wazee wa Kindamba anayakamata, lakini ya kwangu hakamati hata moja. Nikamjibu kwamba Kindamba cha Mngeta ni cha ndani sana. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kweli, cha ndani.

Sasa Madam naye, kumbe kwa siri anapika jambo lake. Chuo kilikuwa kinaandaa siku ya maonyesho, wazazi na viongozi wanaalikwa, mafundi seremala wanaonyesha viti, wapishi wanaonyesha keki, na sisi wa lugha tulitakiwa kuonyesha kazi yetu, kwa sababu bodi ya chuo ilikuwa inasita kama kozi yetu iendelee au ifungwe. Madam akaamua tutaonyesha Kindamba. Karatasi kubwa za manila zikabandikwa ukutani, msamiati wote kwa kalamu nyekundu na nyeusi, na chini kabisa shukrani kwa mzungumzaji wetu, jina langu kamili. Mkuu wa chuo akaahidi kwamba ikipendeza itachapwa kijitabu kigawiwe shule za chekechea huko vijijini, watoto wasipoteze lugha ya mababu. Niliposikia watoto, nikaamua kwenda kukiri. Mara mbili nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Madam. Mara ya kwanza alikuwa anaongea na simu, anamweleza mama yake kwa furaha jinsi kozi itakavyopona. Mara ya pili nilirudi mwenyewe.

Siku ikafika. Jua kali, turubai limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, sisi kumi na wanne tumevaa sare niliyoishona mimi mwenyewe, tumesimama pembeni tunasubiri zamu yetu. Natupa macho mstari wa mbele kwa wageni wa heshima, namwona mkuu wa chuo, wajumbe wa bodi, halafu wazee wawili wamevaa makoti, halafu katikati yao, amenyooka kama yuko kanisani Jumapili, kitenge kipya, kilemba, Bibi Skola.

Madam akaninong'oneza kwa furaha kwamba alitaka kunishangaza. Alipanda basi Jumamosi akaenda Mngeta, akauliza kanisani bibi wa Avelina ni nani, akaonyeshwa, akamwambia mjukuu wako anatufundisha Kindamba chuoni. Bibi akalia. Akawatangazia majirani wote, akawachukua na wazee wawili wa ukoo waje wawe mashahidi. Na Madam hakumuuliza neno hata moja, alisema hiyo anaiweka kwa ajili ya jukwaani. Mimi nikamwambia Kaka Egno inabidi niondoke, nimeacha cherehani inawaka. Akanikumbusha cherehani yangu ni ya kukanyaga.

Tukaitwa. Tukapanda jukwaani, Madam akanyoosha mikono kama mwalimu wa kwaya, na watu kumi na wanne kwa sauti moja, Wasukuma, Wapogoro, Wahehe, na binti mmoja wa Kidatu ambaye wazazi wake ni wa kiwanda cha sukari, tukatoa hotuba ya kuwakaribisha wageni na kuwapigia magoti wazee wetu. Ilikuwa ya sentensi tisa. Hakuna aliyekosea. Kulwa alitamka vizuri kuliko wote, tuisheni ilimwingia. Mimi nilikuwa natikisa midomo tu, jicho langu liko kwa bibi.

Tulipomaliza watu wakapiga makofi, ila mstari wa mbele wakachelewa kidogo. Wale wazee wawili wakaanza kushauriana chini chini. Mmoja akasema kwa adabu huenda ni ya wale wa juu huko Mlimba. Mwingine akasema hapana, Mlimba amekaa miaka mingi, hii labda ni ya ng'ambo ya mto. Wakaanza kubishana ni kijiji gani. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mvua ikiwa bado mbali.

Madam, maskini, akidhani ni mjadala wa kitaalamu, akashuka na kipaza sauti mpaka kwake, akasema, "Bibi, tuthibitishie hili neno la goti. Lindorogo. Kwenu Mngeta mnalitamka hivi hivi?"

Bibi akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili kama mchi.

"Mwanangu," akasema, "mimi magoti yananiuma tangu mvua zilizopita. Nimeyapaka dawa, nimeyaombea kanisani, nimeyataja kwa kila jina ninalolijua. Hilo lindorogo sijawahi kuwa nalo."

Uwanja mzima ulicheka. Walicheka wapishi, walicheka maseremala, mjumbe mmoja wa bodi alivua miwani akajifuta macho. Wakadhani ni utani wa bibi. Madam alicheka pia, kidogo, halafu akaacha, akauliza la kiwiko, bibi akatikisa kichwa, akauliza la kipepeo, bibi akatikisa kichwa, na kicheko kikawa kinapungua neno kwa neno mpaka kikaisha. Bibi akauliza kwani nani aliwafundisha haya. Vidole kumi na vitatu vikanielekea, na nyuma yangu ukutani jina langu kwa kalamu nyekundu.

Nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeandaa uongo mwingine hapo hapo, wa lahaja, nilikuwa naujua vizuri kabisa, Madam alitufundisha wiki ya tano. Lakini nilipomwangalia bibi ukakataa kutoka. Nikasema, "Nimetunga. Kuanzia goti kwenda mbele, yote nimetunga."

Kaka Egno akauliza kutoka nyuma, "Hata kipepeo?" Nikasema hata kipepeo. Kulwa akauliza, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu, "Na tuisheni?" Hapo uwanja ukapasuka upya, na mimi nilitamani ardhi ya Ifakara, ambayo kila masika inameza magari ya watu, inimeze mara moja hata kama ni kiangazi.

Bibi peke yake hakucheka. Akainuka, akanisogelea mpaka chini ya jukwaa, akaniuliza kitu kwa Kindamba. Kifupi tu. Sikuelewa. Nikamwangalia kama mbuzi anavyoangalia gari. Akarudia, polepole, na uwanja mzima ukashuhudia kwamba mwalimu wa Kindamba anaongeleshwa Kindamba na bibi yake mwenyewe na hana jibu.

"Nimekuuliza kama umekula," akasema kwa Kiswahili. "Hilo tu."

Hapo ndipo nilipolia, jamani, na sio kulia kwa adabu, ni kule kwa kamasi, na sare nyeupe. Bibi akaniangalia kidogo, halafu nadhani akaona aibu yangu imetosha, akamgeukia Madam akamwambia mwanangu, zile karatasi zina upande wa nyuma? Madam, ambaye uso wake ulikuwa umekauka kama chaki, akasema zinao. Bibi akasema zigeuze. Akakaa kwenye kiti, akaanza kutaja, goti, kiwiko, kipepeo, na wale wazee wawili wakaingilia kumsahihisha, mpishi mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akasema kwao, kijiji cha Mbingu, wanatamka tofauti kidogo, mlinzi wa getini akaacha geti, ikawa vurugu tupu, Wandamba wametokea kila upande ambao sikujua hata kama wapo, Kaka Egno anaandika huku anacheka peke yake kwa sababu sasa maneno anayakamata yote. Keki hazikuonyeshwa mpaka saa kumi na moja. Na mjumbe yule wa miwani alimwambia mkuu wa chuo kwamba kozi hii isifungwe, hajafurahi hivi tangu aingie kwenye bodi.

Ila Madam hakunisemesha wiki nzima. Siku aliyoniita ofisini alikuwa na madaftari yote mezani. "Avelina, ungesema huna lugha, nisingekupunguzia upendo," akasema. "Umenifanya nimwambie mama yangu uongo bila mimi kujua." Hilo liliniuma kuliko kicheko cha uwanja mzima. Nikamwomba radhi, nikampigia na mama yake simu Bukoba nikamwomba radhi na yeye (alicheka, akaniomba nimfundishe wingi wa kiwiko). Halafu Madam akafungua karatasi yangu ya alama. Ukusanyaji wa data sifuri. Sarufi alama zote, kwa sababu, alisema bila kutabasamu, amepitia miezi mitatu ya lugha yangu na hajakuta kiambishi kimoja kilichokosewa.

Kulwa nilimrudishia mchele wake. Lile neno la goti sasa limetoroka chuoni. Bodaboda wa Mlabani wanalitumia, wateja wananiletea suruali wananiambia dada, niwekee kiraka hapa kwenye lindorogo, na mimi naweka kiraka, nitafanyaje.

Adhabu niliyopewa ni kwenda Mngeta kila Jumamosi na kinasa sauti cha Madam, nikusanye maneno yale mia moja upya, safari hii kwa mwenyewe. Jumamosi ya kwanza nilimkuta bibi uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikawasha kinasa sauti, nikafungua orodha, neno la kwanza kichwa. Bibi akaweka ungo chini, akasema funga hiyo karatasi. Kichwa hakiendi popote, akasema, kuna neno moja utalijua kwanza, na hutakula hapa mpaka umelitamka vizuri.

Akanifundisha jinsi Wandamba wanavyosema "sijui".

Nimelirudia mpaka kuku wakazoea, mpaka jirani akachungulia kuuliza kulikoni. Ni neno fupi, halichoshi mdomo, na tangu siku ile nimelitumia dukani, kanisani na mara mbili kwenye mtihani, na hakuna aliyekufa.